Kipanga Juu ya Mnara wa Darsait

Ijumaa, 2 Januari

Nimepanda paani saa moja kasorobo. Nimebadilisha maji, nimekwangua kizimba, nimepima mtama na choroko. Njiwa ishirini na sita, wote wazima. Nikawafungulia. Baridi nzuri, mawingu hamna, milima ya nyuma ya Darsait bado myeusi.

Mzunguko wa tatu kundi likapasuka. Sikuelewa. Kisha nikakiona kitu kinashuka kutoka juu kabisa, mbawa kazibana, na sauti yake nikaisikia, kama kitambaa kinachanwa. Kipanga. Kamnyakua dume langu la kahawia hewani. Manyoya yakabaki yanaelea juu ya tangi la jirani, na mwenyewe kashafika mlimani.

Nimelia. Na niseme kweli, maana hapa hapana wa kunisoma: nilitetemeka kwa raha pia. Nna miaka hamsini na minane na sijapata kuona kiumbe kinakwenda kasi vile.

Wawili hawajarudi mpaka magharibi.

Jumatatu, 5 Januari

Mmoja karudi. Kwa miguu. Muuza duka wa chini kamkuta anatembea kwenye baraza kama mteja, kaniletea kwenye boksi la biskuti. Bawa limevimba lakini mfupa mzima. Nimelifunga. Miaka thelathini ya uuguzi haikupotea bure.

Mdogo wangu Sele, anayekaa nyumba ya chini, alinitazama nikifunga bawa akasema bora ningefuga kuku, angalau mtu anakula. Sele hajapata kumshika njiwa hata mmoja. Anachokijua ni mavi yao juu ya gari lake.

Hajui msimu huu wa mashindano ya njiwa una nini kwangu. Ni wa kwanza ninaoshindana kwa jina langu. Miaka yote likiandikwa jina la marehemu mume wangu, na njiwa nikilea mimi. Sasa kwenye orodha ya chama cha wafugaji pameandikwa Rayya. Mwanamke peke yangu. Nimeitazama orodha hiyo kwenye simu mara ngapi, sijui.

Ijumaa, 9 Januari

Kipanga kaja tena. Hakupata kitu. Kamkosa mmoja kwa unyoya tu.

Kwenye kundi letu la simu kila mfugaji ana dawa yake. Mmoja anasema tundika sidii zing'ae. Mwengine anasema wachore njiwa macho kwenye mbawa. Nimekwenda sokoni Hamriya nikanunua bundi wa plastiki, mkubwa, shingo inazunguka kwa upepo. Nimemweka juu ya kizimba.

Jumapili, 11 Januari

Njiwa wamemwogopa bundi. Hawataki kuingia kizimbani. Kipanga kapita juu yake hata kumtazama hakumtazama.

Bundi kashuka. Yupo jikoni.

Jumatano, 14 Januari

Siku kubwa. Nimepata jicho.

Jengo la pili, ng'ambo ya barabara, linabadilishwa mashine za baridi, na fundi wake ni Mkenya, mtu wa makamo hivi, jina lake Otieno. Paa lake liko juu kuliko langu, na mnara wa simu uko mbele yake. Asubuhi nilipokuwa nashika kufuli la kizimba akaniita kutoka kule. "Mama, ngoja kidogo kabla ufungue. Ile ndege iko hapa kwa mnara. Imekaa tu, inaangalia kwako."

Nikatoa mkono kwenye kufuli. Dakika ishirini. Kisha akainua mkono: "Sasa imeenda, imeelekea bahari."

Nimefungua. Wamezunguka dakika arubaini, juu, wameshikamana kundi moja, na Marashi mbele. Marashi ni jike langu la rangi ya majivu, kazaliwa juu ya paa hili hili. Akigeuka, wote wanageuka. Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Nimempelekea Otieno chai na vitumbua. Tumepeana namba.

Jumamosi, 17 Januari

Mashindano kutoka Nizwa: njiwa wanaachiwa kule, anayewahi kufika kwao ndiye mshindi. Marashi wa pili. WA PILI. Wazee wa chama wamenipigia simu mmoja mmoja. Mmoja kasema, hongera, mpe hongera na anayekulelea njiwa. Nikamwambia anayenilelea nnaye hapa kwenye kioo.

Sikula mchana. Sikuweza kukaa.

Jumanne, 20 Januari

Sasa nnaijua ratiba ya kipanga. Jua likigonga mnara yupo. Anangoja. Asipopata kwangu anakwenda kwa njiwa wa bandarini. Saa tatu anarudi kashiba, anakaa anajichambua, na hapo hata shomoro anapita mbele yake. Otieno anasema ni jike, maana kaona mwenzake mdogo kaja, akamfukuza. Sijui kama ni kweli. Kwa vipanga dume ndilo huwa dogo, kwa hivyo pengine.

Basi saa tatu ndiyo saa yetu. Siku sita, hajachukua hata mmoja. Nalala nikicheka.

Ijumaa, 23 Januari

Nimekosa mimi. Ijumaa Otieno hayupo kazini, yuko kanisani, maana hapa ibada yao huwa Ijumaa. Nikatazama mnara mwenyewe, nikaona mtupu, nikafungua mapema. Kumbe yuko mwambani nyuma yangu.

Kamchukua mwenzake Marashi. Dume aliyekaa naye miaka mitatu. Mbele yake.

Marashi kaingia kizimbani peke yake akasimama kwenye pembe yao. Nimekaa kwenye ngazi nikalia. Sele akapita na mkate, akasimama, akashuka.

Jumatatu, 26 Januari

Nimekwenda stoo kuchukua mtama. Nyuma ya gunia pana kichupa kisicho na karatasi, na brashi ndogo mpya. Stoo ina funguo mbili tu, wangu na wa Sele. Nimeshuka nacho mpaka kwa Sele.

"Sele, hii nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

Akazima televisheni. "Kanipa mfugaji mmoja wa Mawaleh. Unampaka njiwa mbovu mgongoni, unamwachia. Kipanga akimla, basi, kwisha."

"Na nani kakwambia nna njiwa mbovu?"

"Da Rayya, nilikuona Ijumaa pale ngazini. Sijakuona vile tangu maziko ya shemeji. Unataka mie nikae nitazame?"

Hasira zilikuwa zimenijaa mdomoni na hapo hapo zikakosa pa kwenda. Nikamwambia sumu haijui kipanga tu. Kunguru atakula, paka atakula, mtoto wa jirani ataokota unyoya. Na sheria inamlinda ndege yule. Akasema sheria haikai ngazini kulia.

Sikumwambia sababu ya mwisho. Kwamba simtaki afe. Kwamba kila asubuhi nikiamka jambo la kwanza nnalotaka kujua ni yupo au hayupo. Ningemwambia vipi.

Kichupa nimekifunga mifuko mitatu, nimempelekea mfamasia niliyefanya naye kazi. Yeye anajua pa kukiteketeza.

Jumanne, 27 Januari

Sele hasemi nami.

Jumapili, 1 Februari

Bado. Mkate ananiwekea mlangoni, anagonga, anashuka.

Marashi kaanza kula vizuri. Kifua kigumu, jicho linang'aa. Mashindano ya mwisho ni Ijumaa hii, kutoka Haima. Jangwa tupu, mwendo wa saa saba kwa njiwa mzuri. Wengi hawarudi siku hiyo hiyo. Nimpeleke au nisimpeleke? Kaondokewa na mwenzake. Na akifika, atafika mchana, na kipanga mwenye mnara pengine ana njaa.

Nnampeleka. Anataka. Nikimshika nasikia mwili wote unataka.

Alhamisi, 5 Februari

Nimekabidhi njiwa watatu chamani alasiri. Pete zao za miguuni zimesomwa. Marashi hakugeuka kunitazama, kaingia kwenye kapu kama abiria aliyezoea safari.

Nimerudi nyumbani nikakwangua kizimba mara ya pili.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika haraka, mwandiko uwe utakavyokuwa.

Wameachiwa saa moja na dakika tano. Upepo wa mgongoni. Kutoka saa sita niko juu. Saa nane kasoro robo nikatazama mnara, na yeye huyo, kakaa, katazama kusini. Kusini ndiko wanakotokea njiwa.

Otieno hayupo. Nikapiga kelele, nikatupa kijiwe, kijiwe hakikufika hata barabarani. Kipanga hakupepesa jicho.

Ndipo nikaona mtu kwenye paa la jengo la pili. Kanzu nyeupe ya Ijumaa. Sele. Na pembeni yake Otieno, na tai yake ya kanisani, kumbe Sele kamwita atoke ibadani, anamfungulia mlango wa ngazi ya juu. Sele kashika mfuniko wa sufuria langu la pilau na upawa, anagonga kama yuko ngomani. Kipanga akaruka.

Nikashukuru mapema. Hakuondoka. Akapanda. Akazunguka, akapanda tena, mpaka akawa alama ya kalamu. Juu kule ni hatari zaidi kuliko mnarani, na Sele hakulijua hilo, anagonga tu.

Saa nane na dakika nne, Marashi. Nilimjua kabla sijaona rangi. Kaja chini, baina ya majengo, chini kuliko madishi. Nani kamfundisha? Alama ya kalamu ikaanguka.

Sele kavua kilemba, kakipeperusha chote, anakimbia ukingoni mpaka Otieno kamshika kanzu kwa nyuma. Sijui kama kilemba kilimbabaisha au Marashi alikata kona mwenyewe. Waligusana. Nilisikia. Manyoya ya mkia yalitawanyika, kipanga akapitiliza chini ya paa, na Marashi akaangukia paa la kina Otieno, akajipenyeza chini ya mashine ya baridi.

Mzima. Lakini paa si langu. Saa ya mashindano haisimami mpaka apite mwenyewe kwenye kibao kinachosoma pete, mlangoni mwa kizimba changu. Akiletwa na mtu, huo ni wizi.

Sele kalala kifudifudi na kanzu yake. "Nnamuona, Da Rayya. Anatoka damu. Nimlete?"

"Usimguse."

"Anatoka damu, nakwambia."

"Sele, usimguse. Rudi nyuma, nyote wawili, mkae chini."

Wakakaa. Nikachukua mkebe wa mtama nikautikisa. Nikautikisa. Nikamwita kwa ule mluzi wa chakula na midomo imekauka, mluzi hautoki. Dakika tano. Nane. Wazo la kwenda mwenyewe nikamchukue lilinijia, naliandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Hakuna ambaye angejua isipokuwa wale wawili.

Dakika ya kumi na moja akatoka. Akasimama ukingoni, mgongo mwekundu. Akaruka, bila mkia, anayumba kama gari bovu, akavuka barabara, akatua kwenye ubao, akaingia. Kibao kikalia.

Nimepiga ukelele uliosikika mpaka Ruwi, nadhani.

Jumamosi, 7 Februari

Wa tatu. Dakika kumi na moja zimenitoa nafasi ya kwanza. Nimehesabu mara nne, jibu ni lile lile. Inauma, na bado nimeamka naimba.

Jana nimemshona nyuzi saba, mezani jikoni. Otieno alimulika na simu. Sele alisimama mlangoni hakuweza kutazama. Aliniuliza kama kelele zake ndizo zilizompandisha kipanga juu. Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia pia kwamba bila yeye Marashi angekutwa na mwenye mnara akiwa karibu zaidi. Yote mawili ni kweli. Akaitikia kwa kichwa, akala pilau sahani mbili.

Marashi harushwi tena. Mgongo hautaki. Atakaa alee makinda.

Jumatatu, 16 Februari

Kesho au keshokutwa, mwezi ukiandama, tunafunga. Mji umejaa watu wenye mifuko. Otieno kamaliza jengo, kahamishiwa Sohar, kapita kuaga.

Nimetoa nyuzi leo asubuhi. Nilihitaji mtu wa kumshika Marashi, nikamwita Sele, nikidhani atakataa. Akanawa mikono mara mbili. Nikamwonesha: kiganja chini ya kifua, miguu baina ya vidole, dole gumba juu ya mbawa, usibane.

Akamshika. Nyuzi saba, taratibu. Jeraha limefunga safi.

"Moyo wake unakwenda mbio," kasema.

"Ndivyo unavyokwenda siku zote."

Nimemaliza, nimeweka mkasi kwenye maji moto, nimefuta meza. Nikamwambia basi, anaweza kumrudisha kizimbani. Akasema ndiyo. Chai yake ilipoa, na bado alikuwa kamshika.