Maji Aliyonichotea Baba

Kahawa Wendani,
Ruiru.
14 Julai 2025

Kaka mpendwa Mutisya,

Pokea salamu zangu nyingi. Joto la huko Doha limepungua hata kidogo? Na ule mgongo, umeacha kukusumbua? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Mama pia anaendelea, ila chakula anakionja tu.

Najua ulilia peke yako siku tulipomzika Baba, kwa kunyimwa ruhusa ya kusafiri. Usijilaumu. Mwenye kosa ni mimi, na kwa simu nilishindwa kukuambia.

Unakumbuka hii PhD yangu ya uhandisi wa kemikali ni ya kuondoa rangi ya viwandani kwenye maji. Kila Jumamosi Baba alinichotea chupa mbili kwenye mtaro wa maji ya kiwanda ulio nyuma ya nyumba yetu pale mtaani Landless, akaniletea hadi hapa akiwa na koti lake la kanisani. Miezi minane. Lakini nikiyapima, maji yalikuwa karibu safi. Profesa akaanza kuniuliza kama hizo hesabu ninazitunga.

Basi nikaenda nyumbani bila kusema. Nikamkuta Baba ametwanga mbegu za mlonge, amezikoroga kwenye ndoo ya maji ya mtaro, vile nyanya alivyokuwa akisafisha maji ya bwawa kule Yatta. Uchafu ulikuwa umeshuka chini, naye anajaza chupa kwa yale ya juu. Akaniambia hawezi kumpelekea profesa maji machafu, watu wasije wakadhani sina kwetu.

Mutisya, nilimfokea, tena mbele ya jirani yetu Nekoye. Nilimwambia ameniharibia mwaka mzima. Alimwaga ile ndoo, akasuuza chupa, akaenda kukaa nje. Wewe mwenyewe unajua alivyokuwa, mtu wa kukosewa na kunyamaza.

Wiki tatu sikumpigia. Hasira hasara, tuliambiwa tangu utotoni, na bado nikailea. Presha ikamchukua Jumapili asubuhi akijitayarisha kwenda kanisani.

Baada ya mazishi Nekoye aliniita kando, akanipa chupa. Baba aliichota Jumamosi yake ya mwisho, akamwachia yeye kwa sababu aliogopa kuniletea. Maji ni meusi na yananuka. Amebandika karatasi yenye mwandiko wake: “Haya sijayatia kitu.”

Profesa amekubali nianze upya. Chupa iko hapa dirishani. Najua maji ya kupima hayakai, yanaharibika, lakini nikiyapima yataisha. Kila asubuhi naishika, nairudisha.

Mama anakusalimu, na Nekoye pia. Nisalimie Kyengo na wenzako wengine mnaolala chumba kimoja. Mungu akulinde kazini, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Na siku nikikukosea, nipigie siku hiyo hiyo, hata kama ni kunigombeza. Nitashika simu.

Dada yako akupendaye,
Syombua