Yule Mzee Alikufa Kitandani Mwake

Kambini, magharibi mwa Eritrea

Mama yangu,

Shikamoo. Na Baba pia shikamoo, maana najua Mwita akikusomea barua hii Baba atakuwa amekaa pembeni akinoa panga, anajifanya hasikilizi. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua zimeshika huko Busawe, au mtama bado unangoja? Na Bhoke wangu, anakula vizuri, anakusumbua? Mimi ni mzima. Neno hilo nimelitanguliza ulisikie kabla ya mengine yote. Sijapigwa, sijafungwa, sijakimbia. Nimetoka kazini sasa hivi na mikono bado inanuka grisi.

Barua hii anakuja nayo fundi Masanja, yule Msukuma wa Geita niliyefanya naye kazi Nyamongo kabla hatujaletwa huku. Anakwenda likizo. Akifika Mwanza atampa kondakta wa basi la Mugumu, na Mwita ataifuata stendi. Nimeamua kuandika kwa sababu ile simu ya siku ile haikunipa nafasi. Nilipiga nimtakie Bhoke heri ya mtihani wake wa darasa la nne, nikakuta kaka yangu anapiga kelele kama mtu aliyeona mzimu.

"Robi! Uko wapi? Wamekuachia?"

"Nani aniachie? Niko kazini."

"Usinifiche. Tumekuona kwenye video. Unalia, wanawake wenzako wanalia, mtangazaji anasema askari wameua watu na wanawake wamechukuliwa hawajulikani walipo. Vijana wote wa bodaboda kuanzia Nyamongo hadi hapa Busawe wanayo. Mama hali chakula. Baba anataka kuuza fahali niende Dar kukutafuta."

"Mwita, ule ulikuwa msiba."

"Si ndiyo nasema, msiba!"

Laini ikakatika. Nilijaribu tena hadi zamu ikaniita, haikupatikana. Nilipanda lori nikiwa nakuona wewe, umekaa sakafuni, chakula kimepoa mbele yako. Kwa hiyo sasa sikiliza nikueleze kilichotokea, mwanzo hadi mwisho.

Unajua kazi iliyonileta huku ni kuwafundisha wanawake kuendesha yale malori makubwa ya kubeba mawe mgodini, kama nilivyofundishwa mimi Nyamongo. Mmoja wa wanafunzi wangu anaitwa Saba. Siku ya kwanza nilicheka nikamwambia kwetu hilo si jina, ni hesabu, na yeye akacheka, tangu hapo tukapatana. Ananiita *haftey*, maana yake dada yangu. Wakati wa mapumziko hunipeleka kwao mjini, mama yake anatukaangia kahawa mbele yetu, na baba yake, Mzee Tesfay, alikuwa akitutania kutoka pale kitandani.

Mzee Tesfay alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa mgonjwa wa kifua muda mrefu, amebaki mifupa na macho. Asubuhi moja mke wake alimpelekea maziwa, akamwinua, akanywa kidogo, akafa. Basi. Alikufa kitandani mwake, kikombe kikiwa mkononi mwa mkewe. Hakukuwa na risasi, hakukuwa na maandamano.

Huku mtu akifa wanajenga turubai barabarani, mbele ya nyumba, na mtaa mzima unahamia pale. Wanawake wanajifunga shuka nyeupe, na kwa kulia, Mama, hawa wanatukaribia sana sisi. Tulikwenda na basi la kazini. Nilipomwona Saba amejitupa chini anamwita baba yake, nilimkumbuka bibi, nikalia hadi kilemba kikadondoka. Ndivyo mlivyoniona.

Sasa najua unachotaka kuuliza, maana Mwita lazima amekuonyesha. Yule mwanajeshi aliyemshika mwanamke mzee makwapani anamburuta. Mama, yule ni kaka yake Saba. Huku vijana wanachukuliwa jeshini wote, na yeye alikuwa amepewa ruhusa aje kumzika baba yake. Hakuwa na nguo nyingine. Mwanamke anayemburuta ni mama yake mzazi, alizimia jeneza lilipotolewa, naye akamdaka asianguke kwenye mawe. Niliwashikia mlango wakapita.

Aliyepiga ile video ni ndugu yao, alitaka kumtumia binamu aliyeko ng'ambo ambaye hakuweza kuja kuzika. Kwenye simu za huku hakuna mtandao. Mtu anakwenda kwenye duka la kompyuta mjini, na ile video ilichukua mchana mzima kwenda. Binamu akaiweka mtandaoni akiwa anamlilia mjomba wake. Kutoka hapo sijui ilipita mikono ya nani. Mtu akaondoa sauti ya watu wanaoliita jina la mzee, mwingine akaweka maneno yake, na ilipofika kwenye kituo kikubwa cha habari cha nje ilikuwa tayari ni mauaji. Wale wa kituo huku hawana mtu. Hawaruhusiwi kuingia kirahisi, na hilo nalo si kosa lao. Mwenye nyumba akifunga mlango, jirani anasimulia ya ndani kwa kuangalia moshi. Lakini hata anayeangalia moshi anaweza kusema "sijui."

Msiba haujaisha, matata yakaanza. Watu wa serikali walikuja kumuuliza Saba nani ametuma video. Na ndugu zao wa ng'ambo nao wakapiga simu kumtukana, wakamwita msaliti anayeisitiri serikali, kwa sababu alisema baba yake amekufa kwa kifua. Akaacha kuja kazini. Nilimkuta kwao amekaa chini ya lile turubai tupu.

"Robi, haftey," aliniambia, "hata kumlilia baba yangu nimenyimwa. Kila mtu anataka awe maiti wake."

Baadaye mimi mwenyewe nikafikiwa. Kwanza alikuja bwana mmoja wa habari wa hapahapa, mpole, na mkoba wake. Akataka niseme kwenye redio kwamba ule ulikuwa msiba wa kawaida. Nikamwambia nitasema, maana ndiyo kweli.

"Na uongeze kwamba nchi hii watu wana raha, hawana shida yoyote."

"Hayo sikuyaona msibani. Nitasema niliyoyaona."

Akanitazama, akafunga mkoba wake, akaondoka. Sikuitwa tena.

Wiki hiyohiyo simu ya ofisi ya kambi ikalia. Ni mwandishi wa kile kituo cha nje. Walikuwa wamenitafuta kwa sababu nilionekana mgeni kati ya wanawake wale. Akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Je, kuna mtu karibu nawe anayekuzuia kusema?"

"Karibu nami kuna mpishi anamenya vitunguu."

"Kwa nini ulikuwa unalia?"

"Alikufa baba wa mwanafunzi wangu. Mzee Tesfay, fundi baiskeli. Alikuwa mgonjwa."

Nikamweleza yote, taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Akashukuru sana. Unajua walitangaza nini? Kwamba mfanyakazi mmoja wa kigeni alikiri kuwa alilia, lakini ilionekana hakuwa huru kuzungumza. Masanja ndiye aliyesikia, akaja kuniambia huku anaogopa uso wangu.

Mama, niliwaka. Nilikumbuka ule mwaka ulipokuja kunitembelea Nyamongo, vijana waliotoka kutahiriwa wanarudishwa nyumbani kwa nyimbo, wamebeba fimbo na virungu, wamepakwa unga, shangazi zao wanapiga vigelegele. Yule mgeni mwenye kamera alituomba hata njia apite. Baadaye picha ikatoka, wale watoto wetu wanaitwa wapiganaji, na vigelegele vya shangazi vinaitwa vilio vya vita vya koo. Ulisema, "Hata kutuuliza?" Vita vya koo tulikuwa navyo kweli, tumezika watu. Lakini siku ile ilikuwa siku ya furaha, na aliyetunyang'anya hakuwa na haki nayo.

Hapa vilevile. Sikuambii nchi hii haina shida. Zipo, nyingine nzito, nitakusimulia nikiwa jikoni kwako. Kaka yake Saba alivaa zile sare kabla hajaota ndevu, na hajui atazivua lini. Hiyo ni habari ya kweli. Alikuwa pale pale katikati ya video, na hakuna aliyemuuliza. Walishika uongo mikononi, kweli ikasimama mbele yao imevaa sare.

Nilikwenda kwao Saba nikasema sitanyamaza, nitapiga simu tena. Saba akatikisa kichwa. Mama yake, ambaye tangu mazishi alikuwa hasemi kitu, akauliza tunabishana nini. Alipotafsiriwa akasimama, akajifunga shuka yake.

"Mume ni wangu," akasema. "Nitaongea mimi."

Tulimpeleka ofisini kambini. Meneja hakutaka. Nikamwambia simu hii ilipokea maswali yao, basi itoe na majibu. Akakuna kichwa, akatuachia chumba. Nikapiga, nikamtaka mwandishi yuleyule. Mama mjane akashika simu kwa mikono miwili, Saba akawa anatafsiri neno kwa neno, mimi nimesimama nyuma yao. Aliwaambia jina la mumewe, na jina la baba wa mumewe. Aliwaambia habari ya maziwa. Aliwaambia, "Askari mnayemwonyesha nimemzaa mimi. Mmewaambia watu mwanangu ananiburuta kama mzoga. Mtoeni hapo, au mseme alikuwa ananishika nisianguke." Mwandishi akauliza kama kuna mtu karibu naye. Mama mjane akajibu, "Yupo binti yangu. Na yeye mlimsema amepotea."

Waliitoa, Mama. Siku chache baadaye ikawa haipo tena kwao, wameweka mstari mmoja kwamba habari ile haikuthibitika. Samahani hawakusema. Na waliokwisha kuipokea bado wanatumiana, mpaka huko Nyamongo. Lakini Saba amerudi kazini. Juzi amepanda na lori limejaa kutoka chini ya shimo hadi juu bila mimi kugusa kitu, na akapiga honi hadi wanaume wakatoka nje.

Kwa hiyo nasema hivi, na Mwita asome kwa sauti. Fahali wa Baba asiuzwe. Sirudi kabla mkataba haujaisha, wala sirudishwi na video. Wewe, Mama, kula. Na wewe Mwita, chukua barua hii uende nayo kwenye kijiwe cha bodaboda, uwasomee wale vijana walioonyeshana machozi yangu. Wakikubishia, waulize jina la aliyekufa. Asiyelijua anyamaze kwanza.

Nisalimie Ghati, mke wa Mwita, mwambie kitambaa alichoniagiza nimekipata. Nisalimie shangazi Wankyo wa Manchira, ambaye najua alifunga na kuomba, Mungu amlipe. Mjomba Marwa mpe pole ya mguu. Katekista wetu mwombe Jumapili amtaje Mzee Tesfay kwenye sala za marehemu, kwa jina lake, taratibu, asilikosee. Bhoke mwambie mama yake anampenda na hajaibiwa na mtu.

Na watu wakikuuliza njiani binti yako yuko wapi, Mama, usianze na "nasikia." Waambie, "Ameniandikia mwenyewe."

Ni mimi mwanao,
Robi