Raba za Mstari wa Kijani

Jumamosi, Agosti 1994. Alasiri. Kusi lavuma, na jua la leo ni kama la kuazima.

Saumu sasa hivi ametia miguu yake yote miwili ndani ya kiatu kimoja. Kiatu changu kipya. Akasimama kidete katikati ya mkeka, mikono juu, akaniangalia kama anayesubiri makofi. Nikampigia. Akataka kupiga hatua, na hatua haipigwi na miguu miwili iliyo ndani ya kiatu kimoja, akaenda chini pu, kama gunia la nazi. Nilidhani atalia. Akacheka mpaka kwikwi ikamshika.

Sasa amelala amekikumbatia, kamba mdomoni. Kamba nimeitoa polepole. Kiatu nimemwachia.

Ngoja niandike yote kabla hajaamka. Leo nimefanya jambo, na nisipoliandika, kesho nitadhani nililiota. Mimi si mwandishi. Shule niliishia la saba, na mwalimu alikuwa akisema hati yangu ni kama kuku aliyeparura majivuni. Haidhuru. Kuku naye hula kwa kuparura.

Tangu nimzae Saumu, mimi hukimbia. Hakuna aliyenituma. Baada ya uzazi nilikuwa nikikaa na mgongo ukutani, mtoto kifuani, machozi yanishuka na sijui nalia nini. Siku moja nilitumwa dukani, mvua ikanikuta njiani, nikakimbia. Nikafika dukani nimerowa chapa chapa na ninacheka peke yangu. Muuza duka alidhani nimerukwa na akili. Kumbe ndipo zilipokuwa zarudi.

Basi kila alfajiri, nikishaswali, mavyaa humchukua Saumu kitandani kwake. Mavyaa ndiye mama yake Athumani, mume wangu, na nyumba hii ya Junda ni yake. Mimi hujifunga leso kiunoni juu ya suruali, nikaishika njia mpaka kule ianzapo mikoko, nikageuka. Athumani huwa ameshatoka kwenda bandarini kubeba mizigo. Nikirudi, siku nzima iliyobaki ni ya watu, na siikatai, ni watu wangu. Lakini ile saa ya alfajiri ni yangu.

Sasa, nilikuwa nikikimbia na raba za turubai, soli yake nyembamba kama mkate wa chila. Mguu wa kulia ukaanza kuniuma kwenye muundi, hapa mbele. Kwanza nikikimbia tu. Halafu nikitembea. Halafu hata nimelala. Nesi wa zahanati aliubonyeza nikaruka, akasema mfupa ni mzima, lakini kama nataka kukimbia kila siku nitafute viatu laini vya kukimbilia hasa, ama niache.

Mavyaa akalishika neno hilo la mwisho.

"Umesikia mwenyewe. Haya, nunua hivyo viatu laini. Lakini mguu ukiuma tena, mbio basi. Sikumuozesha mwanangu mwanamke aje achechemee kwa kujitakia."

Mavyaa hajibiwi. Lakini ule usiku niliutazama ukuta muda mrefu, nikaona mgongo wangu ulipokuwa ukiegemea, rangi imechujuka pale.

Ndiyo nikasema, viatu hivi nitavichagua kama mtu achaguavyo mke wa mwanawe.

*

Leo nimekwenda soko la Kongowea na Saumu mgongoni. Athumani alinihusia jana: "Chukua chenye soli nene kuliko vyote. Unene ndio ulaini." Nikaitikia.

Aliyeuza raba nzuri ni kijana mmoja, Salimu, mwenye maneno mengi kuliko viatu. Kwake nilipata jozi mbili za saizi yangu. Wallahi zilifanana kama pacha. Za kijivu zote, soli nyeupe nene zote, moja ina mstari wa buluu ubavuni na nyingine mstari wa kijani. Za buluu zilizidi unene kidogo, upana wa ukucha. Nilizibonyeza kwa kidole gumba kama nibonyezavyo papai. Zote ziliingia, zote zikarudi.

"Dada, hicho si kiatu, hicho ni godoro," Salimu akaniambia. "Ukikivaa utasinzia umesimama."

"Na hiki kingine?"

"Godoro vilevile. Mama mmoja, baba mmoja."

Asiyejua soko letu hataelewa shida yangu. Raba nzuri hutandazwa mguu mmoja mmoja. Vya kushoto viko juu ya turubai, vya kulia vimo ndani ya gunia, na gunia lenyewe mwenye mali amelikalia. Mwizi akichopoa atachopoa kimoja, na kimoja hakimfai kitu. Kwa hivyo kila mteja hujaribu cha kushoto, akapiga hatua moja hapo hapo juu ya turubai, akalipa. Mimi mguu wangu mgonjwa ni wa kulia.

Nikamwambia nataka kuvaa vyote viwili, na nataka kukimbia navyo.

"Ukimbie wapi?"

"Mpaka pale yasimamapo malori ya vitunguu. Nirudi."

Akageuka kwa mama wa Kigiriama auzaye mchicha pembeni yake. "Mama Kadzo, umesikia? Tangu nianze biashara hii, wanaokimbia na viatu vyangu hawajaniomba ruhusa hata siku moja!"

Mama Kadzo akacheka mpaka mchicha ukamwanguka. Mimi nikasimama pale pale. Salimu alipoona siondoki akasema basi niache kitu cha dhamana. Akakitazama kikapu changu cha nyanya, akasema nyanya zile hazifiki hata bei ya kamba za kiatu.

"Si amwache mtoto," Mama Kadzo akasema. "Mama gani atakimbia aache mashavu kama haya?"

Basi nikamweka mwanangu rehani kwa raba. Nimeandika, na Mungu anisamehe. Mama Kadzo akampakata, akampa bua la mchicha, na Saumu hata hakuniangalia tena.

Nilianza na za buluu. Nikaikunja buibui kiunoni, nikaifunga kwa leso, nikaenda mbio za taratibu. Ulaini ulikuwepo, siwezi kusema uongo. Lakini kila nikikanyaga, mguu wazama, halafu watafuta pa kusimama. Nilipogeuka penye malori kifundo kikaenda ndani, na muundi ukaninong'oneza. Hata haukuuma. Ulininong'oneza tu kwamba upo.

Nikarudi, nikavua.

"Umeona?" Salimu akaniuliza.

"Nimeona. Nipe na zile."

"Mara ya pili?"

"Mtoto si bado unaye?"

Nikavaa za kijani. Mpaka napita wauza ndimu, nilikuwa nikizisikiliza kila hatua. Baada ya ndimu, sikumbuki. Nilikuwa nikikimbia tu. Upepo wa kusi ulikuwa usoni, na miguu ikanitaka niongeze, nikaongeza. Nikaongeza tena. Nadhani nilikuwa natabasamu.

Ndipo mchukuzi mmoja aliyekuwa akishusha vitunguu akapiga ukelele.

"Mwizi! Mwizi wa viatu huyoo!"

Na kweli, ukinitazama kwa jicho lake: mwanamke kakunja buibui, raba mpya miguuni, mbio za kufa na kupona katikati ya Kongowea. Hata mimi ningepiga ukelele.

Sote tunajua afanywavyo mtu aliyeitiwa neno hilo sokoni. Watu hawaulizi kwanza. Nilifikiri nisimame nieleze, nikawaona wachukuzi wawili watatu wanatupa magunia, mmoja kashika mti. Nikajua nikisimama sitapewa nafasi ya kueleza. Nikalizunguka lori la mwisho, nikageuza njia, nikarudi nilikotoka.

Kwa mwanangu.

Sijawahi kukimbia vile. Hata shuleni, hata siku niliposhinda mbio nikapewa beseni. Niliwasikia nyuma yangu, ndara zao papapa, kisha nikawasikia kwa mbali, kisha nikazisikia pumzi zangu tu. Watu walikuwa wananipisha badala ya kunizuia, sijui kwa nini, labda kwa uso niliokuwa nao. Mzee mmoja muuza tumbaku akasimama juu ya kigoda chake akawakemea walionifuata:

"Nyinyi mna akili nyinyi? Mwizi gani akimbilia alikoiba?"

Na Salimu naye, juu ya gunia lake, anapunga mikono: "Mwacheni! Mtoto wake ninaye mimi! Huyo mteja!"

"Mteja gani akimbia hivyo?"

"Ajaribu kiatu!"

Nilifika kwenye turubai, nikasimama. Yule mchukuzi wa kwanza akaja nyuma yangu baada ya muda, kainama, kashika magoti, jasho latiririka.

"Dada," akasema, akapumua. "Dada wewe. Mbona husemi?"

"Ningesemaje nami nakimbia?"

Soko zima likacheka. Naye akacheka, maskini, akaniomba radhi, akakohoa.

Nikamchukua Saumu. Kinywa chake kijani kwa mchicha. Nikaficha uso shingoni mwake, nikalia kidogo, Mama Kadzo akanipapasa mgongo, "Haya mwanangu, haya, imekwisha." Saumu akaniingiza bua la mchicha sikioni.

Salimu akangoja nijifute. Kisha akaniuliza nachukua vipi. Nikamwambia vya kijani.

"Lakini mimi naona ni sawa. Vina tofauti gani?"

Nikatafuta neno. "Vile vya buluu, njia nzima nilikuwa nikivifikiria. Hivi nilivisahau."

Akaitazama ile raba ya buluu mkononi mwake kana kwamba imemficha jambo.

Athumani bado hajarudi. Atasema za buluu ndizo nene. Nitamwambia kwamba wachukuzi wa Kongowea wamenikimbiza, wameshindwa. Yeye mwenyewe mchukuzi, ataelewa.

*

Habari ilifika Junda kabla yangu. Sijui hupita wapi. Nilimkuta mavyaa mlangoni, kasimama, mtandio haujakaa sawa, na nyuma yake jirani yetu Bi Rukia aliyekuja na habari hiyo.

"Shikamoo mama."

Hakuniitikia. Hilo halijawahi kutokea.

"Ni kweli umeitiwa mwizi sokoni?"

Nikamweleza hapo hapo mlangoni, kikapu mkononi. Kushoto na kulia, gunia, dhamana, malori. Nilipofika penye kumwacha Saumu kwa muuza mchicha alifumba macho. Nilipofika penye wachukuzi aliyafumbua. Nilijua la kufuata. Nilijua atasema mbio basi, na safari hii mguu hautakuwa sababu. Sababu itakuwa aibu.

Akaniuliza jambo moja tu.

"Walikushika?"

"Hawakunishika, mama."

"Wangapi?"

"Sikugeuka kuwahesabu."

Akanitazama toka usoni mpaka miguuni, akazitazama zile raba, akainama, mtu mzima yule, akaibonyeza soli kwa kidole gumba. Kama papai.

"Hawakumshika," akamwambia Bi Rukia, ila si kwa sauti ya kumwambia mtu aliye karibu. Akalisema kama atakaye nyumba ya tatu isikie. "Mke wa mwanangu. Wanaume wazima wa Kongowea, na wana ndara miguuni, hawakumpata!"

Kisha akanigeukia, kana kwamba amekumbuka. "Marahaba. Ingia ule."

Nimekula peke yangu jikoni, na kila kijiko kilipita na tabasamu. Sijui kama fahari ni dhambi. Kama ni dhambi, ya leo nitaitubia wiki ijayo.

Nilichojifunza sijui nikisemeje. Kila mtu alikuwa na lake juu ya mguu wangu: nesi, mavyaa, Athumani, Salimu. Wote walinitakia heri. Lakini mguu ni wangu, na leo nimeusikiliza mwenyewe, ukanijibu. Natamani Saumu akikua awe na kitu kimoja namna hiyo. Hata kama si mbio. Na kama ni mbio, basi tutafute raba za saizi yake, na tuondoke nyumba hii pamoja alfajiri, yeye mbele.

Huyu hapa ajigeuza, kiatu bado kifuani. Kimoja nimekivaa mimi, cha kulia. Nimeunyosha mguu mkekani, na sasa naubonyeza muundi, pale pale pa nesi, kwa kidole gumba, kwa nguvu zangu zote, na haunong'oni hata

Abee, mama!

Mavyaa ananiita uani. Wamekuja wengine, nasikia sauti zao, na mmoja hasadiki, ataka kuziona hizo raba kwa macho yake. Mavyaa amwambia, "Ngoja basi, mwenyewe aja nazo. Tena kesho alfajiri amka, utamwona akipita!" Itanibidi nikichomoe hiki kingine mikononi mwa Saumu bila ya kumwamsha, na akiamka nitambeba twende sote.