Nimekodi Gari Lenye Kitanda Juu

Baba Hamisi,

Baada ya salamu nimekwama. Kwenye barua mtu huuliza hali ya mwenzake, kisha hueleza yake, na wewe hali yako siwezi kuuliza. Basi niende moja kwa moja kwenye yangu: nimekodi gari. Usinikunjie uso. Ni lile refu la safari, linalovuta kwa tairi za mbele na za nyuma, lenye hema lililokunjwa juu ya paa, jiko la gesi kwenye mlango wa nyuma, na friji ndogo inayonguruma mchana kutwa. Nimelirudisha leo mchana na miguu bado haitaki kutulia. Nimeandika mistari hii michache nikainuka kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Limefungwa. Nilikuwa nimeshaliangalia.

Ndivyo ninavyoishi tangu uondoke. Ulirudi kutoka Tunduma, ukala, ukasema unajinyoosha kidogo, hukuamka. Kitanda kile sijakiweza tena. Eda yote nimelala kwenye kochi, yaani nimekaa kwenye kochi nimefumba macho. Nafagia uani kabla ya adhana. Vyombo vya kabatini nimevipanga, nikavipangua, nikavipanga upya. Mwanao hunipigia simu kila asubuhi akienda kazini. "Umelalaje, mama?" Nami namjibu, "Nimelala vizuri, alhamdulillahi." Hapo ndipo anapoingia kwenye lake: nihamie kwake Tegeta, chumba kipo, wajukuu wapo, na nyumba hii ya Kongowe ameshaipatia mpangaji anayesubiri jibu. Hana ubaya, anaogopa nitazeekea humu peke yangu. Na kusema kweli nilikuwa karibu kukubali. Mtu asiyepata usingizi kwake ana hoja gani ya kung'ang'ania kwake?

Ila kwanza nilitaka kujua jambo moja. Wewe uliwezaje? Miaka yote ile ya malori kitanda chako kilikuwa nyuma ya kiti cha dereva, na kila nilipokuuliza kwenye simu jibu lilikuwa lilelile: "Nimelala kama gogo, mke wangu." Makambako, kama gogo. Mpakani kwenye foleni isiyosogea, kama gogo. Nikafika mahali nikawa nalionea wivu lile lori. Nilipoomba tufuatane japo mara moja ukasema njiani si mahali pa mke wa mtu. Haya, sasa ni mjane, sina wa kunikataza. Nikasema kama usingizi uko njiani, ngoja niufuate hukohuko.

Mwenye gari ni kijana wa Maili Moja, anaitwa Frenki. Wateja wake ni wageni wanaokwenda mbugani. Aliniona na baibui langu, akaniamkia vizuri, kisha akachungulia nyuma yangu. "Dereva yuko wapi, mama?" Nikamwambia, "Umeshamwamkia." Akanitoa mtaani kunijaribu, mkono wake haubanduki kwenye breki ya mkono. Tuliporudi nikaliingiza getini kinyumenyume kwa mara moja, akauliza nani alinifundisha. Nikamsimulia ulivyonifundisha na ile kirikuu yetu, ile pikapu ndogo, kwenye uwanja wa mpira, ukinipigia kelele mpaka wachezaji wakasimama kutazama: "Klachi si nge, mbona unaikanyaga hivyo?" Nikacheka. Kisha nikalia, mbele ya mtoto wa watu. Maskini hakujua afanye nini, akaanza kunionyesha jeki.

Nilishika barabara kuu mpaka Mlandizi, nikakata kushoto kuelekea Mzenga. Mvua ilikuwa imepita. Mbele kidogo nikazama kwenye tope jeusi, lile linalokamata tairi likakatalia nalo. Nikaweka ile gia ndogo ya pembeni, nikakukumbuka: usikanyage mafuta, libembeleze. Nikalibembeleza. Lilipotoka nilipiga vigelegele peke yangu mle ndani, mzee mmoja wa baiskeli akashuka akasimama kando kunipisha.

Gari halikunipa shida. Shida walikuwa watu. Mzenga nilimwomba mwenyekiti wa kijiji ruhusa ya kusimama karibu na uwanja wa shule, nikafungua hema, nikateremsha ngazi. Hata chai haijachemka akaja mama mmoja, khanga kiunoni, na wenzake nyuma. "Dada yangu, ulale juu ya gari kama kuku, na sisi tuna nyumba? Kesho watasema Mzenga hatujui mgeni." Nikawaeleza kwamba nimelipia kulala nje. Wakatazamana. Nadhani walinihurumia, waliona msiba umenikalia kichwani. Nikapewa chumba, wali, kisamvu, na chandarua kipya kabisa. Nikakesha juu ya godoro la watu, na kitanda nilichokodi kipo nje hakina mtu. Asubuhi Hamisi akapiga. Nikamwambia nimelala vizuri.

Siku iliyofuata nikapita Maneromango nikaenda mbele zaidi, mpaka kwenye mikorosho. Mwenye shamba, Mzee Saidi, naye akakataa kwa maneno yaleyale: mgeni halali nje. Nikachoka kubishana, nikamwambia ukweli. Mume wangu alikuwa dereva, amelala njiani maisha yake yote, na mimi nataka usiku mmoja kama wake. Mzee akaitazama ngazi ya hema. "Basi lala, mwanangu. Lakini taa ya barazani nitaiacha inawaka."

Baba Hamisi, kule hakuna usingizi! Kila jani linaloanguka ni mwizi. Nguruwe pori walipita wanakoroma, nikajikunyata kama mtoto. Hema linapepea, mgongo unauma, na sijui nilishuka mara ngapi kukagua milango. Na mimi sikuwa na kitu cha kuibiwa isipokuwa chapati. Wewe ulikuwa na mzigo wa watu nyuma, na tangi limejaa mafuta, na watu wa kunyonya mafuta wanakusubiri ufumbe jicho. Gogo gani hilo?

Kulipopambazuka simu ikaita. "Umelalaje, mama?" Na mimi, macho mekundu, nikasema, "Nimelala kama gogo, baba." Ilinitoka yenyewe. Nilipojisikia nikakaa pale kwenye ngazi. Ilikuwa sauti yako, na uchangamfu wako uleule wa kuniambia nisiwe na wasiwasi. Ulikuwa hulali. Miaka yote hiyo ulikuwa hulali, na ukanificha ili mimi nilale. Ulikuwa unakuja kulala hapa, Kongowe, unajitupa kitandani na viatu, nami nadhani umechoshwa na usukani tu. Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Ungesema. Ningekaa nawe kwenye simu, tukapiga soga mpaka kunapambazuka, kwani nilikuwa na kazi gani? Nimekukasirikia na nimekukumbuka, vyote kwa pamoja.

Hamisi alikuwa bado hewani. "Mama? Upo?"

Nikamwambia, "Nimekudanganya, mwanangu. Sijalala. Sijalala tangu baba yako afe."

Nikasikia akilisimamisha gari lake kando. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipobaleghe, "Hata mimi, mama." Anakaa sebuleni kila usiku, mkewe anadhani anaangalia mpira. Alikuwa anataka niende Tegeta ili awepo mtu mwingine mle ndani aliyekufahamu. Tukalia, mimi kwenye ngazi, yeye kwenye gari lake kando ya barabara, watu wanampigia honi. Tulipotulia nikamwambia nyumba haipangishwi na mimi sihami. Akasema sawa. Hakubisha hata kidogo. Nikamweleza niko wapi na gari ni la nani, akauliza huyo Frenki anapatikana wapi.

Basi Ijumaa tunalichukua tena, sisi wawili. Tunakwenda njia yako, Morogoro, Iringa, Makambako, mpaka Tunduma. Mwanao huyo, msomi wako, anajua kuendesha otomatiki tu, kwa hiyo gia nitamfundisha mimi njiani, na kelele nitapiga. Siahidi kwamba nitaacha kuhangaika. Leo tu nimeinuka mara nyingi hata wino umekaukia kwenye kalamu.

Nakuaga hapa, mume wangu. Mola akupe raha ambayo barabara haikukupa. Ahadi yangu ni hii moja: tutasimama pale malori yanaposimama, na tutajaribu kulala. Tukishindwa, tutaambiana.

Mkeo,
Mama Hamisi