Binti wa Kwanza wa Jike Jeusi

Amman, 2 Septemba 2006

Mwanangu Nidhali,

Natumai barua hii inakukuta na afya, wewe na mumeo Jabbar. Mimi magoti yananisumbua, sukari nayo inapanda na kushuka kama mpanda farasi mgeni. Barua namkabidhi dereva wetu Ghazwani. Yeye na njia ya jangwani wanajuana.

Msimu wa mbio unakaribia, nami nasikia habari za farasi wadogo wa Baghdad kwa mbali, kama redio ya jirani. Lile dume la kahawia la Mahmudiya lina kifua kizuri, lakini vifundo vya miguu yake ya mbele vimelala mno. Ndugu yake mdogo atamshinda, utaona. Lakini ninayemngoja ni Nasma wetu.

Unakumbuka nilipohama nilimwachia marehemu mama yako jike jeusi, kwa sharti la wazee wetu: binti wake wa kwanza ni wangu. Likazaa madume, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzeeni ndipo akaja Nasma. Mwambie Jabbar asimkimbize kabla ya mvua kulainisha ardhi.

Mjomba wako,
Khazali

Baghdad, 20 Septemba

Mjomba,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Dawa yako ya sukari, unakunywa au unamdanganya daktari?

Jabbar alimjaribu Nasma alfajiri. Mjomba, anakimbia kama ardhi inamuunguza. Kumbe tulikuwa tunatazamwa. Jioni akaja Abu Nawafi, yule mwenye vijana wa bunduki anayeshika mtaa wetu sasa. Akamzunguka Nasma, akamsifu miguu, shingo, macho, na mashaallah hakusema hata moja. Nilikaribia kumrukia.

"Namtaka huyu," akasema.

Jabbar akamjibu, "Si wangu kumuuza, Abu Nawafi. Ni wa mjomba wa mke wangu, yuko Amman. Binti wa kwanza."

"Loo! Bado mnayashika hayo?" Akacheka, akamaliza chai yake. "Vizuri. Mimi si mwizi. Mjomba aandike kwamba ameniachia."

Nyumba ya jirani yetu wa kushoto iko tupu tangu wiki iliyopita. Nguo zao bado ziko kwenye kamba. Mjomba, andika.

Mpwa wako,
Nidhali

Amman, 29 Septemba

Mwanangu,

Ramadhani njema. Niko salama, ila usingizi umenikimbia.

Mtu anayetaja sharti la wazee huku amebeba bunduki bado ana aibu kidogo. Tuishike aibu hiyo. Mwambieni kwamba mjomba ni mzee mkaidi, anataka kufikiri. Nasma apelekwe shambani kwa binamu za Jabbar. Mtu kama huyo atachoka, atapata kitu kingine cha kutamani.

Mjomba wako,
Khazali

Baghdad, 19 Oktoba

Mjomba,

Sina salamu ndefu. Wamemchukua Jabbar. Tulikuwa bado tunafuturu, supu ya dengu iko mezani. Mmoja wao alimwambia, "Malizia bakuli lako, mjomba wenu ana nafasi ya kufikiri, na wewe pia." Jabbar akamaliza, wakaondoka naye. Nasma walimkuta shambani siku ileile, wakamwacha palepale. Wanasema wanangoja karatasi.

Nidhali

Amman, 21 Oktoba

Mwanangu,

Karatasi ni hii. Nimeandika jina langu kamili na la baba yangu, na kidole gumba juu yake. Nasma si wangu tena. Wapelekee leo, kabla hujavua baibui.

Waambie wamnyweshe maji kabla ya shayiri. Anaogopa mfuko wa nailoni unaopeperuka. Najua mambo haya hayana maana sasa, lakini waambie.

Khazali

Baghdad, 4 Novemba

Mjomba,

Alhamdulillahi, Jabbar amerudi. Analala ameketi, mgongo ukutani. Vidole vya mkono wa kushoto havikunjiki.

Nasma alikimbia jana kwa jina jingine, akashinda. Watu walishangilia, nasi tukasikia mpaka kwetu.

Abu Nawafi alikuja na peremende. Akasema, "Mwambie mjomba mimi naheshimu sharti. Binti wa kwanza wa jike hili ni wake. Nitampelekea mwenyewe. Anakaa mtaa gani huko?" Nikasema sijui, barua hubebwa na dereva. Akamgeukia Jabbar: "Na wewe ndiye unayemjua Nasma. Mvua ikilainisha ardhi, utakuja kunifunzia farasi wadogo wote wa msimu huu." Jabbar akasema ndiyo. Ungesemaje?

Tangu jana mvua inanyesha.

Nidhali

Amman, 7 Novemba

Mwanangu,

Sikuulizi hali. Madai ya binti wa kwanza nimeyafuta, duniani na akhera, yeye na watakaozaliwa. Tusidaiane kitu na mtu yule.

Nimehamia chumba kingine; Ghazwani peke yake anakijua. Chukueni nguo mlizovaa na dawa za Jabbar. Taa ya banda iacheni inawaka, na nguo kwenye kamba.

Usijibu barua hii. Pandeni gari lililoileta.

Mjomba wako