Jillo Atakaa Nyuma ya Goli

Nairobi, Jumatatu

Dada yangu mpendwa Habona,

Salamu nyingi. Maji yameshuka huko Wema? Migomba imepona? Mama anakula? Huku mimi nimechoka tu, na mdogo wetu Jillo ni mzima. Narudia: ni mzima. Mguu umefungwa plasta, anatembea kwa magongo, na anaulalamikia ugali wangu.

Barua yako niliisoma mara mbili ndani ya gari letu la matangazo. Unaijua kazi yangu. Tangu nilipokuwa mbeba nyaya mpaka nikawa mwongozaji wa michezo, nashinda ndani ya gari lisilo na dirisha, nje ya uwanja, mbele ya skrini nne, nikiwaambia wapiga picha nani aonekane. Mpira wenyewe sijautazama kwa macho yangu siku nyingi.

Jillo alipogongana na yule mshambuliaji golini, niliona mguu ulivyokunjika. Nilijua mko Garsen, kwenye ile hoteli yenye televisheni, na mama amekaa mbele. Nikahamisha picha jukwaani. Mkubwa wangu akafoka, "Komora, rudisha kipa! Watu wanataka kumwona!"

Nikamjibu, "Mama yake pia anatazama."

Sikumrudisha. Katika shajara ya siku ile nimeandika tu: Jillo, mguu wa kulia.

Sikufikiri mama angesema, "Angekuwa hai, Komora angenionyesha," na kwamba mngelia njia nzima hadi nyumbani. Sasa unaniambia watu bado wanalala matangani, na salamu nilizotuma kwa dereva wa basi, kwamba Jillo ni mzima, mama hakuziamini. Simu ya Garsen nayo haijapona tangu mafuriko.

Basi mlete mama Garsen Jumapili, mechi ya saa tisa. Jillo atakaa nyuma ya goli na magongo yake. Mpira ukitoka nje mara ya kwanza, nitamweka yeye kwenye skrini. Mpiga picha ameshanicheka: "Bosi, tunatangaza mpira au ukoo wenu?" Mkubwa naye amesema nikirudia mambo yangu nitatoka garini. Nikitoka, nitakuja kulima mpunga. Mgongo wangu umeshakichoka kiti hiki.

Nisalimie shemeji, shangazi aliyenilea, na wanao wote.

Mwambie mama asihangaike na mpira. Amtazame mwanawe. Sitamwondoa kwenye skrini mpaka Jillo amwinulie mama mkono.

Ndugu yako,
Komora