Printa Haijibu

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Printa imegoma. Asubuhi ilichapa barua ya zahanati bila shida. Nikaweka hati ya Speciose — kimya. Taa yake ya kijani inawaka, karatasi imo, utepe ni mpya. Kompyuta ikangoja, kisha ikaandika kwa Kiingereza chake kwamba printa haijibu, muda wa kusubiri umekwisha. Nijaribu tena au niache? Nimejaribu tena. Na tena.

Nimezima zote mbili, nimewasha. Nimechomoa waya, nimeurudisha. Yustus wa jenereta akasema labda umeme ni mdogo, akaikoleza mpaka balbu ikatutisha. Hakuna kitu.

Hati nyingine zingeweza kungoja. Hii hapana. Speciose ni mtoto wa dada Auleria — naandika hivyo kana kwamba ni kweli. Mwaka jana wakimbizi walipokuwa wanamiminika, dada alimkuta ameketi peke yake ukingoni mwa shamba lake la migomba, kule Ihanda. Miaka minne hivi. Mtoto alijua jina lake tu. Dada ni mjane, hakujaliwa mtoto. Akambeba, akamwogesha, akampa jina la kwetu: Kokushubira. Mimi ndiye niliyemwandikisha hapa ofisini, maana ndiyo kazi yetu, kutafuta wazazi wa watoto waliopotea.

Sasa mama yake amepatikana. Yu hai, amekwisha kurudi kwao Rwanda. Alimwona mtoto kwenye picha zilizobandikwa ukutani huko. Ndivyo tulivyoambiwa kwenye redio ya mawasiliano.

Gari la watoto linaondoka Ijumaa. Bila hati hapandi mtu.


Jumanne, 5 Septemba

Nimemwomba Bwana Rwegoshora, mkuu wetu, aniruhusu nitumie taipu ya zamani. Amekataa, na najua kwa nini. Kuna watu walipita na watoto wasio wao kwa hati za taipu, picha za gundi zikibanduliwa na kubandikwa nyingine. Siku hizi vizuizini wanataka hati ambayo picha imechapwa humohumo kwenye karatasi. Picha zinatujia kwenye disketi, mimi naziingiza, printa inamaliza kazi. Inapotaka.

Leo kidogo imenipa moyo. Ikachapa kichwa cha hati. Ikachapa jina. Ikaanza picha, mstari kwa mstari, ikilia kama nyuki — nywele, paji la uso — ikasimama. Printa haijibu. Nimejaribu mpaka karatasi za paji la uso zikajaa mezani. Bwana Rwegoshora akaja akaziangalia, akaondoka.

Fundi Rwegasira wa Bukoba tumempata kwenye redio. Amesema ni kebo, nitafute nyingine. Kayanga nzima nitaitoa wapi? Mtu mwingine mwenye kompyuta ni Mchungaji Gosbert, anayo nyumbani kwake, alipewa na marafiki wa Ulaya.


Jumatano, 6 Septemba

Nimetoka kwa Mchungaji. Alinikaribisha chai, akachomoa kebo yake mwenyewe bila kuuliza nitairudisha lini. Nimekwenda nayo ofisini, nimeifunga. Paji la uso, basi.

Nikarudi kwake na disketi. Nikasema, Mchungaji, naomba tujaribu kwenye yako. Tukajaribu. Mahubiri yake inachapa vizuri tu. Hati ya Speciose ikafika pale pale, ikaandika maneno yale yale. Mashine nyingine kabisa!

"Mwanangu Renatha," akasema, "mashine mbili zinauguaje ugonjwa mmoja kwa siku moja?"

Hakuwa na maana mbaya. Lakini njia nzima nilikuwa nawaza kwamba ugonjwa ni mimi. Nilisoma kozi ya wiki tatu Mwanza. Walitufundisha kuwasha, kuandika, kuhifadhi, kuchapa. Isipochapa, hawakufika huko.


Alhamisi, 7 Septemba

Hakuna jipya. Kichwa kinauma.


Ijumaa, 8 Septemba

Gari limeondoka.

Auleria alikuja asubuhi, mtoto nyuma ya baiskeli ya jirani. Gauni la bluu, viatu, nywele zimenyolewa vizuri. Kikapu cha ndizi mbivu na karanga za njiani. Sikuwa nimewatumia habari — kila saa nilidhani itakubali. Nikamwambia pale mlangoni, dada, hati haijatoka, leo haendi.

Alisimama kidogo. Kisha akashusha kikapu, akakaa chini pale pale barazani, akamvuta mtoto akamkumbatia. Mabega yake yakashuka. Nilijua anamshukuru Mungu na anaona haya kumshukuru.

"Basi," akasema. "Basi, twende tukale."

Gari lijalo ni baada ya wiki mbili. Bwana Rwegoshora ametuma ujumbe kwenye redio kumjulisha mama. Sijui kama umefika.


Jumapili, 10 Septemba

Ihanda, baada ya ibada. Dada alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka, mtoto anaokota zilizooza. Anazijua. Anaongea Kinyambo kama aliyezaliwa hapa, anamwita dada "mawe", yaani mama.

Dada akaniuliza hiyo mashine ina nini. Nikamweleza: kompyuta inaituma picha, printa ni ya polepole, kompyuta inachoka kusubiri jibu, inakata. Akafikiri.

"Na huyo mama anasubiri hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

Baadaye, tulipokuwa tunamenya ndizi, akasema taratibu kwamba angetaka niitengeneze, na kwamba nikishindwa hatanilaumu. Yote mawili kwa pumzi moja.


Jumatatu, 11 Septemba

Redio. Rwegasira safari hii amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema kebo haina kosa, picha ndiyo nzito. Kuna mahali ndani ya kompyuta pameandikwa ingoje sekunde ngapi kabla ya kukata tamaa. Niongeze. Nikamwuliza ni mahali gani. Akaanza kueleza — fungua hiki, chagua kile, halafu — redio ikajaa makelele, na baada ya hapo ni zamu ya hospitali. Nimefungua kila nilichoweza kufungua. Naogopa kugusa nisichokijua. Hii ndiyo kompyuta pekee tuliyo nayo.


Jumanne, 12 Septemba

Mama amekuja.

Sikuamini. Mpaka umefungwa kwa wanaoingia. Hakusema amepita wapi, na Bwana Rwegoshora hakumwuliza. Mwanamke mwembamba, mrefu, kanga imepauka kwa vumbi, miguu imevimba. Anaitwa Nyiransabimana. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Ijumaa alisimama barabarani kusubiri gari letu mpaka likafika, wakashuka watoto wa wenzake. Ujumbe wetu haukuwa umefika. Alidhani mwanawe amekufa na hatutaki kumwambia.

Nikamwonyesha kompyuta, nikamwonyesha printa, nikamwambia ni hii tu, mtoto mzima. Akaiangalia ile mashine, akaniangalia mimi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Yustus akaenda Ihanda na baiskeli. Jioni Auleria akafika na mtoto. Mama alisimama, akaita, "Speciose." Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Mtoto akamtazama dada, na dada akamsukuma kidogo mgongoni, akamwambia kwa Kinyambo, nenda ukasalimie.

Akaenda. Akaweka mikono pamoja, akainama kama alivyofundishwa kuwaheshimu wageni. "Shikamoo."

Nyiransabimana akafunika mdomo. Ni Bwana Rwegoshora aliyeitikia marahaba, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza.


Jumatano, 13 Septemba

Wamelala Ihanda wote watatu. Dada ndiye aliyesema, atalala wapi kama si kwangu.

Leo asubuhi mama alikuja na dada kuuliza. Ana mtoto mwingine mdogo, amemwacha kwa jirani, hawezi kukaa wiki nzima. Lipo lori la maharage linalokwenda Ngara, karibu na mpaka. Anaomba apewe mwanawe wapande.

Bwana Rwegoshora akamweleza pole pole, mimi na dada tukisaidia kutafsiri kwa Kinyambo, maana anakielewa kidogo. Vizuizi ni vingi. Mwanamke bila kibali, na mtoto bila hati, na mtoto mwenyewe hamwiti mama — watamkamata kwa wizi wa mtoto. Na mtoto atapelekwa kituo kingine, mbali, na kazi ya kumtafuta ianze upya. Akasema karatasi ikitoka, ataiandika na jina la mama humo humo, na atawasindikiza yeye mwenyewe.

"Ikitoka," akasema mama kwa Kiswahili.

Nimekaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Jioni nimepaona! Mahali penye sekunde. Ziliandikwa arobaini na tano. Nimeweka mia tisa, nyingi kuliko akili. Nimebonyeza. Nywele, paji la uso, nyusi, macho — macho yametoka! — na jenereta ikazimika, mafuta yamekwisha. Yustus amesema mafuta kesho asubuhi.


Alhamisi, 14 Septemba

Mafuta yamekuja. Nimewasha. Nimeandika jina la mama kwenye hati, chini ya jina la mtoto. Nimebonyeza, nimekaa juu ya mikono yangu ili nisiguse kitu. Ikaanza. Polepole kuliko siku zote, inasimama katikati, inafikiri, inaendelea. Macho. Pua. Nilikuwa naomba. Mdomo. Kola ya gauni.

Ilikuwa kwenye kola Auleria alipoingia. Peke yake.

Nikamwambia, dada, tazama, inatoka. Akatazama. Akakaa kwenye benchi.

Nikamwuliza wako wapi. Akasema lori la maharage lilipita Ihanda kabla ya jua kuchomoza. Akasema mtoto alilia mpaka kwenye kona, kisha hakumsikia tena, hajui kama alinyamaza au lori lilikuwa limeenda mbali.

"Dada, uliwaachaje? Ulisikia aliyosema Bwana Rwegoshora."

"Nilisikia. Mtu amekuja kwa miguu kumchukua mwanawe, mimi nisimame mlangoni nimzuie kwa karatasi? Nilimfungia zile karanga. Nilimwambia mama yake, usiku huwa anaogopa, umshike mguu, si mkono, atalala."

Printa ikamaliza. Imechapa mpaka chini, mahali pa sahihi. Nimeichomoa. Uso mzima, haukupungua kitu.

Bwana Rwegoshora ameisoma, ametia sahihi, amepiga muhuri. Yuko nje sasa na Yustus, wanaipiga pikipiki ya ofisi teke na haijawaka. Kizuizi cha kwanza ni mbali, na lori la mzigo haliendi kasi. Labda tutaliwahi. Amesema nipande nyuma, nishike karatasi, isikunjike.

Dada ameinuka. Anauliza kama pikipiki inaweza kubeba watu watatu.